Kabla ya Kuwakorogea Nyuki Sukari

Kamwene, wanangu. Nawasalimu ninyi mnaofuga nyuki na ninyi mnaofikiria kuanza, ambao nawasikia mkinong'ona kwamba nyuki hawahitaji lishe kama kuku. Subirini kidogo.

Tangu nistaafu kazi ya afisa nyuki na kurudi hapa Kihesa, simu zenu haziniishi. Mnapiga mkiwa mmesimama jikoni, sufuria iko motoni, mfuko wa sukari umeshachanwa, ndipo mnauliza: "Mama Nyuki, niweke kilo ngapi?" Nami najibu kwa swali: "Mzinga umeunyanyua?" Mmoja wenu wiki iliyopita alianza kupiga kelele "Haloo? Haloo? Mtandao huku mbaya!" na kumbe namsikia hadi anavyokoroga.

Kupika maji ya sukari hakumshindi mtu. Chemsha maji, epua, ndipo utie sukari nyeupe, kilo moja kwa lita moja, koroga mpaka iyeyuke, acha ipoe. Usiirudishe motoni, maana sukari iliyoungua inawaumiza matumbo. Sukari guru nayo waachie wapika pombe. Basi, hayo ndiyo mapishi yote. Kinachosumbua ni kuamua kama uwape leo, wiki ijayo, au usiwape kabisa. Hapo ndipo nilipokosea mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na kwa kuwa sasa hakuna bosi wa kunifokea, nitawasimulia.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kijiji cha juu huko Mufindi. Nilifika na sanduku la bati, daftari la chuo, na kiburi cha kutosha watu wawili. Kikundi cha akina mama kilikuwa na mizinga kumi na miwili nyuma ya kanisa. Mwezi wa saba ukaingia na ukungu wake. Nyuki hawatoki, maua hakuna, na daftari langu lilisema wakati wa njaa nyuki walishwe. Halikusema saa ngapi wala vipi, au lilisema na mimi siku hiyo nilikuwa nimesinzia.

Nikapika. Siku jua lilipochungulia, saa nne asubuhi, nikabeba mabeseni mawili wazi nikayaweka katikati ya mizinga. Nikamwagia na mifuniko ya mizinga, eti wasihangaike kutafuta.

Walikuja, tena kwa vishindo. Baada ya nusu saa nyuki wa mizinga yenye nguvu walikuwa wamemaliza mabeseni, na kwa kuwa walishaonja utamu na hawakujua umetoka wapi, wakaanza kuvamia mizinga dhaifu na kuipora. Mlangoni wanang'atana, wanaangushana, chini pamejaa maiti. Waliokosa cha kupora walinusa hewani wakafuata harufu nyingine ya sukari, nayo ilikuwa inatoka ukumbini, ambako kwaya ilikuwa inakunywa chai kabla ya mazoezi. Waimbaji walitoka kwa mlango na kwa madirisha. Mwalimu wa kwaya peke yake alibaki, akijaribu kuokoa birika. Aliumwa mdomo wa juu, na Jumapili alisimama mbele ya watu akiwa na mdomo kama andazi, akiongoza kwa mikono tu. Sauti ya pili walicheka mpaka wimbo ukakatika.

Aliyeniokoa ni Mzee Chengula, mzee wa kanisa aliyekuwa na mizinga ya magogo tangu ujana wake. Alikuja na majani mabichi, tukaziba milango ya mizinga dhaifu tukaacha nafasi ya nyuki mmoja mmoja, tukamwaga maji kila palipodondoka sukari. Hakunisema mbele za watu. Tulipomaliza alikaa juu ya jiwe, akaniuliza:

"Binti, nyumbani kwenu mgeni mnampa chakula barabarani?"

"Hapana, baba."

"Basi nyuki naye anapewa ndani ya nyumba yake. Jioni, wenzake wakishalala. Na usidondoshe hata tone."

Kisha akaniita kwenye mzinga wa kwanza. Akaniambia niushike kwa nyuma, niunyanyue kidogo tu, kama mtu anayepima kiroba cha mahindi kabla ya kukubali kukibeba. Nikaunyanyua, ukagoma. "Huo una asali yao. Hawahitaji sukari yako." Wa pili ukagoma. Wa tatu ukapanda juu mpaka nikayumba. "Huo sasa," akasema, "ndio wa kuzungumza." Kati ya mizinga kumi na miwili, yenye njaa ilikuwa miwili. Mimi nilikuwa nimeshtua kijiji kizima kwa ajili ya mizinga miwili!

Ule mwepesi kuliko wote niliulisha kama alivyonielekeza: ndani, jioni, kopo la maziwa ya unga lililotobolewa mfuniko kwa msumari mwembamba na kupinduliwa juu ya vijiti viwili, ili maji yatoke kidogo kidogo na nyuki wasizame. Siku tatu walikunywa vizuri mno. Siku ya nne nikakuta mzinga mtupu. Nililia, jamani. Mzee Chengula akafungua, akanionyesha masega. Makavu, safi, hakuna yai, hakuna jana hata moja, na majana, kwa asiyejua, ndiyo watoto wa nyuki wakiwa bado kama funza weupe.

"Malkia aliacha kutaga kitambo," akasema. "Hawa walikuwa wameshafunga mizigo kabla hujaja. Wewe umewapa nauli."

Kwa hiyo, wanangu, fungueni muangalie. Mkiona mayai na majana, lakini asali iliyo juu yake haifiki upana wa vidole viwili, hao wana nia ya kukaa ila chakula hakitoshi. Wapeni. Mkikuta hakuna mtoto hata mmoja, sukari haitawazuia. Nyuki wetu si wale wa kwenye video mnazotumiana, wanaovumilia baridi miezi mitano. Wetu wakiona maisha magumu wanahama, wala hawaagi.

Kosa lililofuata lilikuwa la upendo. Nilihamishiwa Mbeya, nikapanga Ilomba, na mizinga yangu minne nikaiweka kwenye shamba la mwenzangu wa kazi nje ya mji, karibu na alizeti. Niliilisha mwezi wa pili mvua ilipokataza nyuki kutoka, na hilo lilikuwa sawa kabisa. Shida ni kwamba alizeti ilipochanua sikuacha. Niliwazoea. Kila jioni napita na kidumu changu kama mama anayempelekea mtoto wa bweni ubwabwa. Walijaza masega haraka, nikavuna, nikajisifu, na chupa ya kwanza nikampa jirani yangu Mama Tumpe, Mnyakyusa asiyejua kuficha neno.

Jioni hiyohiyo alirudi na chupa, na sahani ya maandazi juu yake.

"Ndaga, mama," akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Nimeonja. Chai yako nzuri, ila umesahau majani. Nimekuletea na vitafunwa."

Ilikuwa kweli. Sukari ile nyuki hawakuila, waliiweka akiba, nami nikaivuna nikaiita asali. Ile yote niliwarudishia wenyewe, mzinga kwa mzinga, na mwaka ule sikuuza tone. Mkimlisha nyuki, msiweke sega la kuvuna. Na maua yakija, acheni. Mtu akinunua asali kwenu anunue ya maua.

Sasa niwapeleke Usangu, maana huko ndiko nilikofikia kuamini kwamba nimefuzu.

Karibu na Ubaruku kulikuwa na familia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao miaka ya nyuma, wakalima na mpunga. Mke wa pale, Mama Minza, alihudhuria mafunzo yangu akiwa na mtoto mgongoni, akauliza maswali kuliko wanaume wote. Mumewe aliuza maksai mmoja, akamchongeshea mizinga minane. Ndugu zake mume walimcheka, "Umeuza dume ukanunua masanduku!" Baba Minza alivumilia, lakini alimwambia mkewe wazi: ikifika mvua hakuna kitu, masanduku yanakuwa viota vya kuku. Mama Minza alinieleza hayo bila kuinua macho. Hakuwa na ng'ombe wake wala shamba lake. Mizinga ile ndiyo kitu cha kwanza ambacho watu walisema ni cha Mama Minza.

Nyuki waliingia wenyewe, mizinga yote minane. Lakini waliingia mwishoni mwa maua, na kiangazi cha Usangu kikawakuta hawajajenga akiba. Mkifika huko mwezi wa tisa mtashangaa: mifereji ina maji, bata wanaogelea, lakini ua hakuna. Tegemeo letu lilikuwa migunga ya kando ya mto. Nilivuta tawi nikaona vichipukizi vya maua, vidogo kama vichwa vya njiti za kiberiti. Wiki mbili, labda tatu. Je, nyuki watafika?

Nilianza kunyanyua. Mizinga mitatu ilikuwa miepesi. Mitano ilikaa mikononi vizuri. Nikafungua ile mitatu, nikaona majana yapo na asali kamba nyembamba tu. Upepo ulikuwa mkali, nyuki wakali zaidi, nikasema ile mitano haina haja ya kufunguliwa, mikono yangu imeshasema. Nikamwambia Mama Minza, "Lisha hii mitatu. Hiyo mingine acha, ina chakula."

Tulikuwa tunapika maji ya sukari uani wakati mama mkwe wake, Bibi Holo, alipotoka na ungo wake wa mchele. Alisimama juu yetu akaitazama sufuria muda mrefu.

"Hiyo uji ya nani?" akauliza.

"Ya nyuki, mama," Mama Minza akajibu kwa sauti ndogo.

"Ya nani?"

"Nyuki."

Bibi Holo akanigeukia. "Wewe mama wa serikali. Mimi hapa nakunywa uji ya chumvi. Wajukuu wanakunywa uji ya chumvi. Leo mdudu anawekewa sukari?"

Nilimweleza yote: kiangazi, vichipukizi, akiba. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mhm," akachukua ungo wake akaenda kukaa mbali na sisi. Mahali alipokwenda kukaa, penye kivuli, palikuwa hatua chache tu kutoka kwenye mizinga. Nilimwonya ataumwa. Akasema amelala na fisi porini akichunga, nyuki ni nini.

Nilirudi baada ya siku sita. Ile mizinga mitatu ilikuwa imechangamka, Mama Minza anaijazia makopo kila jioni bila kudondosha. Nilikuwa natabasamu, nataka kuandika taarifa yangu niondoke, Bibi Holo akaniita kutoka pale kivulini kwake.

"Mama wa serikali. Njoo. Hii nyuki ina njaa."

Alikuwa ananyooshea kidole mzinga wa mwisho, mmoja wa ile mitano.

"Hapana, bibi," nikasema kwa upole ule wa mtu anayejua. "Huo niliupima. Ni mzito kuliko yote."

"Mimi sijui kupima. Mimi natazama." Akainuka taratibu, akanishika mkono, akanipeleka mpaka mbele ya mzinga, akaniinamisha kama mtoto. "Hiyo nini?"

Chini ya mlango, kwenye vumbi, palikuwa na vitu vyeupe vimetapakaa.

"Juzi nilifikiri ni mchele yangu imeruka kwenye ungo," akasema. "Nikaokota. Kumbe laini. Jana imekuwa mingi. Sasa nikatazama mlango. Wanatoa wenyewe, wanatupa. Mwanangu, mama gani anatupa mtoto nje kama haina njaa?"

Nilipiga magoti. Yalikuwa majana. Wakati nipo pale nyuki mmoja alitoka akiburuta jingine, akaliachia likaanguka mbele ya vidole vyangu. Nyuki wanapofika hapo wamebakiza siku moja, mbili. Wanapunguza midomo.

Nikashika mzinga nikaunyanyua. Mzito! Nikaunyanyua tena, nikiwa sielewi kabisa. Baba Minza, aliyekuwa anafunga jembe la ng'ombe pale pembeni, akasema kwa kawaida tu, "Huo lazima uwe mzito. Fundi aliishiwa mbao laini, huo akaumalizia na mninga."

Yote minane ilikuwa imepakwa rangi moja ya bluu. Ningegonga ubao tu kwa kidole, au ningefungua, ningejua. Nilikuwa nimepima mbao nikadhani nimepima asali, mimi, miaka yote hiyo kazini. Nilitamani udongo upasuke. Mama Minza aliinama akaanza kuokota majana yale moja moja kiganjani. Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

"Nisameheni," nikawaambia wote watatu. "Nimekosea mimi. Na hatuna muda wa kusubiri jioni. Sukari iko wapi?"

Sukari ilikuwa imeisha asubuhi ile. Baba Minza akasema ataendesha baiskeli mpaka dukani, na akaanza kweli kuitafuta pampu. Lakini Bibi Holo alikuwa ameshaingia ndani. Akatoka na kopo lililofungwa kwa kitambaa, sukari yake mwenyewe, ambayo alikuwa akiiweka chini ya kitanda kwa ajili ya siku za wageni wa heshima. Akanipa bila kunitazama.

"Pika," akasema. "Na wewe usikae tu, toa macho."

Tulipunguza mlango wa mzinga ule kwa udongo ili wenye nguvu wasije kupora. Nikafungua. Nyuki hawakuwa na nguvu hata ya kuniuma, walikuwa wamening'inia kwenye sega wanatetemeka polepole. Niliwanyunyizia kidogo juu ya vijiti vya masega, kama mtu anavyomlowanisha mgonjwa midomo, kisha nikapindua kopo ndani, karibu nao kabisa. Tukakaa. Baada ya muda mmoja akashuka, akachovya. Kisha wawili. Mama Minza alikuwa anawahesabu kwa Kisukuma, mpaka wakawa wengi wa kutohesabika, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Ile mingine minne niliifungua yote jioni hiyo, bila kujali upepo, nikaumwa sikio na shingo. Ilikuwa na chakula kweli. Angalau hapo mikono haikunidanganya.

Kuanzia siku ile Bibi Holo alijipa kazi. Mama Minza aliniambia kwa simu kwamba mama mkwe haruhusu mtu mwingine kupindua makopo, kwamba anawafokea kuku wasisogelee, na kwamba amemwambia mwanawe wale ndugu zake wakija kucheka waje wacheke mbele yake. Hawakuja.

Ninyi mtakaokwenda mashambani na vitendea kazi vizuri, na mizani ya kidijitali ya kuning'iniza mzinga, nunueni, mimi sipingi. Lakini muulizeni pia anayekaa pale kila siku. Mimi nilifika mara moja kwa wiki. Yeye alikuwa na ungo, kivuli na macho, na alikuwa hana sababu ya kujionyesha kuwa anajua.

Nilirudi Ubaruku baada ya wiki mbili nikiwa na kilo tano za sukari kwenye begi, zawadi yangu ya kuomba radhi, na ratiba niliyoiandika vizuri: siku gani wapunguziwe, siku gani waachishwe. Nilimkuta Bibi Holo amekaa palepale, anapepeta. Nikamsalimia, nikatoa mifuko ya sukari na ratiba yangu, nikaanza kumweleza kwamba tutaendelea mpaka mwisho wa wiki halafu tutatazama.

Aliniacha nimalize. Kisha akasogeza ungo kidogo, nikaona makopo manne yamepangwa nyuma yake, yameoshwa, yamepinduliwa juani.

"Umeyatoa, bibi?"

"Nimewaachisha," akasema.

"Lini?"

"Juzi. Kopo inabaki imejaa, hawaigusi. Nikajiuliza wamekula wapi. Tazama."

Nikatazama mlangoni pa ule mzinga wa mninga. Walikuwa wanaingia wengi, wamechoka, matumbo yamevimba, na katika kila watatu mmoja alikuwa amebeba miguuni vidonge vya chavua ya manjano. Upepo ulipogeuka kutoka mtoni, harufu ya migunga ikatufikia pale tulipokaa. Nilikunja ratiba yangu nikairudisha mfukoni. Bibi Holo aliisogelea ile mifuko ya sukari, akaipima mkononi mmoja mmoja, akamwita mkwewe kwa sauti iliyofika hadi kwa majirani:

"Mama Minza! Bandika uji. Leo tunakula sisi."